Bafta Isiyo na Fundo

Jora la kitambaa likifunguliwa kwa mara ya kwanza linatoa harufu, na mie harufu hiyo naijua kuliko ya maziwa ya mama yangu. Ni wanga, ni vumbi la bandarini, ni ile karatasi ngumu ya ndani, na kama jora lilikaa sana chini basi na panya kidogo. Duka la Bi Zuwena pale Chang'ombe lilijaa harufu hiyo mpaka ukitoka nje unahisi hewa imepungukiwa kitu. Upande mmoja gereji wanagonga mabati kutwa nzima, ngwa ngwa ngwa, upande wa pili kiwanda kinapiga king'ora, na katikati hapo Bi Zuwena anapasua shiti: krrrrr! Hakuwa mtu wa kukata na mkasi yule. Anapima kwa wari yake, ule ubao wa yadi moja, anachanja kidogo na ncha ya mkasi, halafu anapasua kwa mikono miwili, na mteja mgeni anaruka. "Shika mwanangu, kheri nyingi," anasema, na hiyo kheri inatoka kooni kabisa, khhheri, kama mtu amekwamwa na mwiba wa samaki. Waarabu wa zamani hao. Niliiga hiyo khhheri mpaka nikapigwa kofi. Nikafuta machozi, nikaendelea kuiga.

Shule sikuwahi kuingia. Nilipita nje yake tu, nikasikia mwalimu anapayuka, nikamuiga, nikaenda zangu. Shule yangu mie ilikuwa uani kwa Bi Zuwena, nyuma ya duka, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wanakaaga mkekani baada ya adhuhuri kushona mifarishi. Wajukuu zangu wakisikia mfarishi wananiuliza, ndiyo nini hiyo, Bibi? Ni tandiko nene la kulalia au kujifunika: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, ndani usufi, chini kitambaa kizima, halafu unapitisha sindano juu mpaka chini hadi vyote vishikane. Pale kwetu binti hakuwa anaolewa bila mfarishi wa uani. Kila mwanamke anatoa kipande cha nguo yake mwenyewe, na si ile iliyochakaa, ile anayoipenda. Ukileta tambara la jikoni unachekwa mpaka unarudi kubadilisha. Kwa hiyo bi harusi alikuwa analala juu ya mtaa mzima: huyu hapa kanga ya Bi fulani, yule pale gauni la sikukuu la Mama fulani. Akigombana na mume usiku, majirani wote wapo naye kitandani.

Na uani palikuwa na sheria moja tu. Katikati lilikaa sanduku kubwa la mbao. Kitambaa chenye fundo pembeni kina mwenyewe, usikiguse hata kama unakufa kwa baridi. Kitambaa kisicho na fundo ni cha mfarishi, chukua, kata, usiulize. Ndiyo hivyo tu. Na ile bafta nyeupe ya chini, kitambaa kile kizima, siku zote alitoa mwenye duka. Hatangazi. Anaikunja, anaiweka juu ya sanduku bila fundo, anarudi dukani kwake kama hakufanya kitu. Ukimshukuru anakukazia macho: "Khhe! Kwani nimefanya nini mimi?" Basi watu wakaacha kumshukuru. Wakiona bafta juu ya sanduku wanaichukua, wanamwombea dua moyoni, wanakata.

Msimu ninaousema ulikuwa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, wakati kila mwenye binti anakimbilia kumwoza. Safari hiyo zamu ilikuwa ya dada yangu Mwanaidi. Jamani, mama yangu alivyoingoja siku hiyo! Mama alikuja mjini kutoka Kilwa, hana ndugu, hana mashoga, ana sindano yake tu, na miaka yote alishona mifarishi ya mabinti wa watu, anajichoma vidole, anasema, "Na sie yetu inakuja." Nilivyomuiga nikisema, "Na sie yetu inakujaaa," hakunipiga. Alicheka. Ndipo nikajua kweli ana furaha.

Wanawake walikuwa wengi, lakini wawili nikuambie. Wa kwanza Mama Eli, Mchaga wa Rombo, mume wake karani kiwandani, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kulima, anashona mistari imenyooka kama amepigiwa rula. Kila neno lake linaanza na mbe. "Mbe, nipe uzi. Mbe, huyu mtoto wako atakuja kutupeleka polisi kwa mdomo wake." Huyo mtoto ni mie. Wa pili Bi Tatu. Bi Tatu ndiye aliyekuwa anaosha maiti wa kike mtaa mzima, na alikuwa na sauti ya puani, ya polepole, kama anakupima tayari. "Hujambooo mwanangu. Umenenepaaa." Watu wazima walikuwa wanamwogopa kidogo. Mie nilikuwa namuiga nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia. Walikuwa wananiita Chiriku.

Na ndani, chumba kinachotazamana na ua, nyuma ya pazia, alilala Bi Mkubwa, mama mkwe wake Bi Zuwena. Alikuwa amekonda, kabaki macho na amri. Bi Mkubwa alikuwa na kitu kimoja duniani anachokitaka, na mtaa mzima ulikijua. Mwanawe wa mwisho, Nasri, kijana wa watu, alikwenda Makka akiwa bado hajaoa, akamnunulia mama yake sanda. Bafta nyeupe. Akaichovya maji ya Zamzam kwa mikono yake, akaianika, akamletea. Haukupita muda mrefu Nasri mwenyewe akaugua tumbo, akafa kabla ya mama yake. Sasa we fikiria, mtu amekuletea sanda, halafu yeye ndiye anatangulia. Tangu hapo Bi Mkubwa hakuwa na ombi jingine: azikwe na ile bafta ya mwanawe, si nyingine. Aliikunja na karafuu maiti katikati, zile chembe nyeupe zinazowekwa kwa wafu, akaifunga fundo pembeni, akaitia kashani. Kila siku baada ya alasiri anaita, "Zuwenaaa! Niletee bafta yangu niione." Analetewa, anaishika, anapapasa fundo lake, anarudisha, analala. Ilikuwa kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Yaliyotokea niliyajua baadaye nilipoyaunga, lakini nakupa yakiwa yameshaungwa. Bi Mkubwa alipandisha homa kali, siku kadhaa hakuita wala hakula. Bi Zuwena akaogopa. Akaona huyu anakwenda, ngoja niifukize ile sanda udi, isiingie nondo, iwe tayari. Akaitoa kashani, akafungua fundo ili moshi uingie ndani, akakung'uta karafuu maiti, akaitandaza juu ya chetezo pale uani. Alipomaliza akaikunja. Mara dukani kunaitwa, "Hodi mwenye duka! Hodi!", wateja wa harusi wamejaa. Akaiweka juu ya sanduku, dakika moja tu, akakimbia mbele. Dakika moja ya mwenye duka mwezi wa Shaabani, we unaijua? Alipokumbuka kurudi, juu ya sanduku palikuwa patupu, akadhani mtumishi kaichukua kairudisha kashani. Hakufungua kuangalia.

Kumbe nyuma yake aliingia mama yangu. Mama alikuwa akingoja bafta ya chini ya mfarishi wa Mwanaidi, na bafta hiyo ilikuwa imechelewa, na alikuwa ameshaanza kujiuliza usiku, au Bi Zuwena kaninyima? Au sie watu wa Kilwa hatuhesabiki? Akaingia, akaona juu ya sanduku bafta nyeupe, safi, imekunjwa vizuri, imefukizwa na udi kabisa. Haina fundo. Mama alikaa chini akalia. Nilimwona kwa macho yangu. Alisema, "Ya Rabi, hata kuifukiza kaifukiza." Akaomba dua. Akachukua mkasi.

Sasa siku ya mwisho. Kesho yake watu wa bwana harusi wanakuja kuchukua vyombo, na mfarishi lazima uwe juu ya vyombo vyote, uonekane. Ulikuwa umekwisha. Mama alikuwa ameshona bafta yote chini, akakata na ukanda mrefu akauzungusha ukingoni uwe pindo. Kazi ya mwisho ni kunyoosha pindo hilo kwa pasi ya mkaa, na pasi alikuwa nayo Mama Eli, kwa sababu ya ile mikono yake. Unaweka kitambaa kilichoroweshwa maji juu, unakandamiza, mvuke unapanda, fffsss. Wanawake wamekaa duara wanachambua mchele wa harusi, wanamcheka Mwanaidi ambaye hayupo, amefichwa nyumbani kama ada. Mama Eli akakandamiza. Fffsss. Akakunja pua.

"Mbe, kwani mmeweka dawa ya mende humu?"

Akakandamiza tena. Na ile harufu ikapanda. Baridi. Ukiivuta inakupanda mpaka kwenye macho. Udi ulikuwa umeifunika siku zote hizo, lakini joto la pasi liliifunua. Bi Tatu alikuwa ameshika ungo wa mchele. Aliuweka chini taratibu, bila kumwaga hata punje.

"Zima hiyo pasi," alisema. Sauti ya puani ilikuwa imekwisha. Sikujua kama Bi Tatu ana sauti nyingine.

"Nizime vipi, mbe, ni mkaa huu!"

"Iondoe basi. Hiyo ni karafuu maiti."

Hapakuwa na mtu aliyemuuliza unajuaje. Nani amuulize mwosha? Mama yangu alimtazama Bi Tatu, akatazama mfarishi, akatazama sanduku. Nikaona rangi inamtoka kuanzia midomoni. Mama wa bwana harusi alikuwa mwanamke anayeogopa bundi, anayeogopa kufagia jioni, akisikia sanda angemkataa Mwanaidi pale pale barabarani. Lakini sidhani Mama alikuwa anafikiria hilo. Mama alikuwa anatazama lile pazia.

Wakati huo huo Bi Zuwena akaingia kutoka dukani, wari mkononi, anacheka kitu alichoambiwa na mteja. Akavuta hewa mara moja tu. Kicheko kikabaki mdomoni hakina kazi. Hakusema astaghfirullah, hakusema khhe. Akaenda moja kwa moja, akapindua mfarishi, akaona bafta, akaanza kuipapasa pembeni kutafuta kitu kisichokuwepo. Nje gereji ngwa ngwa ngwa, na ndani, nyuma ya pazia, sauti ambayo hatukuisikia siku kadhaa ikaita. Nyembamba, lakini haitetemeki.

"Zuwenaaa! Homa imeshuka. Niletee bafta yangu niione."

Bi Zuwena akajibu, "Naaam mama, naja, nipo na mteja," na kheri zake zote zilikuwa zimemkauka. Akageuka akanong'ona kwa meno, "Fumueni. Fumueni yote. Haraka!" Mama akanishika sikio, si kwa kuniumiza, kwa kunisogeza tu, akaniambia, "Chiriku, ingia kwa Bi Mkubwa. Mchekeshe. Usiache aite tena." Maisha yangu yote nilikuwa nafinywa kwa kuiga watu. Siku hiyo nikatumwa.

Chumba kilikuwa na giza la mapazia na harufu ya mafuta ya mgonjwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa, mto mgongoni, macho yake yananitazama kama kuku anavyotazama mende. "Nani? Kachiriku? Nenda kamwambie Zuwena alete bafta." Nikamwambia, "Shikamoo Bi Mkubwa, anamalizana na mteja. Nikuigizie mteja mwenyewe?" Nikaanza. Nikamfanya yule mteja anayeshika kila jora halafu anasema rangi haimpendezi. Nikamfanya Mama Eli, mbe hii, mbe ile. Nikamfanya Bi Zuwena anapasua shiti, krrrrr, na kheri yake ya mwiba wa samaki, na Bi Mkubwa akacheka. Alikuwa hampendi mkwewe kiasi hicho, alicheka sana. Nikamfanya Bi Tatu. "Umekondaaa Bi Mkubwa." Hapo alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa, kikohozi kikamkunja, macho yakamgeuka, nami nikasimama pale mikono hewani nikiwaza, nimemuua. Nimetumwa nimchekeshe nimemuua kwa kicheko, na sanda yenyewe iko kwenye mfarishi wa harusi. Nikampa maji. Akanywa. Akapumua.

Nje nilikuwa nasikia mikasi midogo. Tik. Tik. Tik.

Akajifuta mdomo, akaniambia, "Wewe ulikuwa unamsikia Nasri akiingia nyumbani?" Nikasema ndiyo. Kila mtu alikuwa anamsikia Nasri. "Niigizie."

Sikutaka. Wengine wote nilikuwa nawaiga bila kuombwa, huyu mmoja nilikuwa sijawahi. Lakini yale macho yalinishika, na Mama alisema asiite tena. Basi nikatoka nyuma ya mlango, nikapiga mlango ngumi mbili kama alivyokuwa anafanya, nikashusha sauti, nikasema alivyokuwa anasema kila siku ya Mungu akitoka kazini: "Mama! Umekula, au wamekunyima?"

Hakucheka. Alikaa, mkono umeshika kifua, midomo inajibu kitu bila sauti. Halafu akasema polepole, "Sasa niletee bafta yangu. Sasa hivi." Mie nilitumwa kumzuia, na nimemkumbusha mwenyewe. Nikafungua mdomo nitafute sauti nyingine ya kuiga, nikakosa. Ndiyo siku pekee nimekosa. Yeye akainamisha kichwa, akasikiliza nje.

"Mbona kimya?" akasema. "Wale wanawake hawajanyamaza tangu waumbwe. Niigizie wanachosema sasa hivi."

"Hawasemi, Bi Mkubwa."

"Mh." Akatupa shuka. "Nipe bega lako."

Tukatoka, mie fimbo yake, vidole vyake vimenizama begani. Nikafungua pazia. Uani palikuwa kama pamechinjwa kuku mia: usufi umetapakaa, umewakaa nywelini, puani, Bi Tatu ana ndevu za usufi, Mama Eli amepiga magoti mkasi mkononi, na bafta imetoka nusu, imetandazwa mkekani, ina matundu ya sindano mistari mistari. Wakamwona. Hakuna aliyeinuka. Hata shikamoo hawakusema, mwanamke mzee kama yule, hakuna aliyekumbuka.

Mama yangu ndiye aliyeanza. Alitambaa mpaka miguuni kwake. "Bi Mkubwa, nimekata mie. Ilikuwa juu ya sanduku, haina fundo, nikadhani ya mfarishi. Nimeishona mie mwenyewe kwa mkono wangu."

Bi Mkubwa hakumtazama. Alikuwa anatazama pembe ya kitambaa. "Fundo langu," alisema, "nililifunga kwa mkono huu. Kitambaa hakifungui fundo chenyewe. Nani kalifungua?"

Mama alijua. Wote walikuwa wameshajua, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa ametoa yote wakati wanafumua. Angeweza kusema, si mie peke yangu, muulize mkweo. Hakusema. Aliinamisha kichwa akabaki amebeba lote. Na Bi Zuwena amesimama, wari kifuani kama bunduki, anatazama ukuta. Mimi mtoto nilikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namwiga kila siku, naijua kila sauti yake, na nilikuwa nangoja isikike. Ukichelewa kusema jambo kama hilo, linakuwa la mwenzako moja kwa moja. Bi Tatu alimtazama. Mama Eli alimtazama. Mama Eli akafungua mdomo, "Mbe..."

"Mimi, mama," Bi Zuwena akasema. Wari ikamdondoka. "Nilidhani unakufa. Nikaifungua niifukize. Nikaisahau."

Bi Mkubwa akamtazama mkwewe. "Ulikuwa umeshanizika," akasema. "Mh. Una haraka wewe kama wateja wako." Halafu akaniambia nimkalishe. Nikamkalisha mkekani katikati ya usufi. "Leteni hapa. Na endeleeni kufumua, nani kawaambia muache?"

Wakafumua. Alikaa pale akipokea kila mkono wa bafta unaotoka, anapapasa kwa kidole gumba, akikuta uzi umebaki anauvuta kwa kucha, anaurushia aliyeuacha. Bi Zuwena akamwambia Bi Tatu, kwa woga, kama akitaka asikike, "Hivi matundu haya hayaiharibu?" Bi Tatu akasema, "Sanda yenyewe hupasuliwa, itakuwa matundu? Ila usiku wa harusi juu ya sanda, mie sijawahi kuona." Hapo Bi Mkubwa akainua kichwa. "Sanda gani? Mie nimekufa? Nikifa itakuwa sanda. Leo ni bafta, aliyoninunulia mwanangu, na nyie mmeijaza uzi."

Likabaki pindo. Ule ukanda wa ukingoni Mama alikuwa ameushona kwa mishono midogo midogo, ya mtu anayeshonea binti yake, huwezi kuona mwanzo wala mwisho. Ukiufumua, vipande vya juu vinachanika, nguo za mtaa mzima. Mama akachukua mkasi hivyo hivyo. "Tutachana tu," alisema, "tutashona upya, hata nisilale." Akaingiza ncha. Kipande cha kwanza, kanga ya Bi Tatu, kikachanika, kraa. Bi Mkubwa akamshika mkono. Akaupapasa ule mshono, akarudi nyuma, akaupapasa tena, kidole kikizunguka pindo lote mpaka alipoanzia.

"Acha," akasema.

"Bi Mkubwa, ni ya mwanao."

"Najua ya nani. Mwanangu hakuoa." Akaliachia pindo. "Mwache aingie harusini, hata kwa pindo." Halafu, kabla mtu hajalia, akatuinulia kidole. "Na mama wa bwana harusi akijua, mie simo. Tena Tatu, wewe hasa. Ukisema nitakufa kusudi siku ya kiangazi, unioshe kwenye jua." Bi Tatu akaapa. Mama Eli naye akaapa kwa Yesu wake. Bi Zuwena akatoka mbio dukani, tukasikia krrrrr, akarudi na bafta mpya, na wote wakainama kushona chini upya, uzi mrefu, kabla ya magharibi. Mama yangu alikuwa analia na kushona, anashona na kulia. Mie nilitolewa usufi masikioni.

Watu wa bwana harusi walikuja, wakausifu mfarishi, wakautandaza, mama wa bwana harusi akaunusa akasema umefukizwa vizuri. Bi Tatu akapiga chafya. Siri ile ilikaa. Dada Mwanaidi mwenyewe nilimwambia juzi juzi tu, sote hatuna meno. Nilidhani atashtuka. Akanitazama akaniambia, "Hiyo harufu niliisikia usiku wa kwanza. Nilikuwa mtoto, Chiriku, nilidhani ndiyo harufu ya mume."

Bi Mkubwa alikufa masika ya mwaka uliofuata, si kiangazi, alimhurumia Bi Tatu. Bafta yake ilikuwepo kashani. Alipooshwa, Bi Zuwena alimwita Mama yangu, mgeni wa Kilwa asiye na ndugu, aje apasue yeye sanda. Mama aliniambia ilipasuka vizuri, ikafuata mistari ya matundu ya sindano yake mwenyewe, kama ilikuwa imepimwa.

Duka lile siku hizi linauza vipuri vya pikipiki. Mabinti wanaolewa na mablanketi ya Kichina yaliyokunjwa kwenye mfuko wenye zipu, mazuri tu, mepesi, hayana mtu hata mmoja ndani yake. Mjukuu wangu wa Mbezi Beach analo, lina maua makubwa kama mabakuli. Mwezi uliopita tulikwenda msibani Segerea. Marehemu amelala ndani, wanawake tumekaa, akaingia kijana na pakiti ya nailoni: sanda, pamba, manukato, vyote humo humo, kama kitu kilichoagizwa dukani kwa simu. Akauliza mlangoni, kwa sauti ya kuharakisha, namna hii: "Samahani mabibi, nilichukua saizi kubwa, ni sawa?" Nikamjibu kwa sauti ya Bi Tatu, akakimbia. Watu wakacheka kwenye mikono yao. Ilikuwa sawa, kila kitu kilikuwemo, hakuna kilichokosekana, marehemu alizikwa vizuri kwa wakati. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza, mie sanda yangu ataniletea nani? Na ni nani huyo, katika hawa niliowalea, atakayeikata kwa bahati mbaya, akae uani na wenzake mpaka magharibi akiifumua, usufi umemjaa nywelini, anaogopa kunitazama usoni?